Ukoko wa Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini bali zamani hii ya juzi, ambapo baadhi yenu mlikwishaota meno, palikuwa na mpishi mmoja katika milima ya Upare, jina lake Nakijwa. Kaeni vizuri. Mwishoni nitawadai jibu, na atakayesema hakusikia ndiye nitakayeanza naye.

Nakijwa alipika katika shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja. Jiko lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, na ndani yake masufuria matano ambayo ungeweza kuogeshea ndama. Kuni zilikuwa za mkaratusi, tena mara nyingi mbichi. Mnaujua mkaratusi mbichi? Hauwaki, unanuna. Kwa hiyo Nakijwa alikuwa na kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, cha kupulizia moto. Wasaidizi wake walipuliza mpaka macho yakawatoka pima, na moto ukawadharau. Yeye aliinama, akaweka bomba mdomoni, akapuliza mara moja tu, na moto ukaitika. Wanafunzi walimwita Bibi Pumzi, kwanza kwa kificho, baadaye mbele yake, naye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

Alikuwa mwanamke mdadisi. Mlangoni mwa stoo palibandikwa karatasi ya vipimo: wanafunzi mia nne, unga kiasi hiki, maharage kiasi hiki, chumvi kiasi hiki. Nakijwa aliifuata karatasi ile miaka yote, isipokuwa siku za ukungu mzito, ambapo aliongeza maharage mabakuli mawili bila kumwambia mtu. Alisema karatasi haioni kama nje kuna baridi. Lakini msaidizi wake mmoja alipojaribu kukisia chumvi kwa jicho, shule nzima ilikunywa maji siku mbili, na Nakijwa akamrudisha kwenye karatasi kwa kumshika sikio. Tangu hapo akawa na mchezo wake wa moyoni. Akimwona mtu yeyote kazini, fundi cherehani au mchungaji kanisani, alijiuliza: huyu anafuata karatasi, au anaonja? Likumbukeni swali hilo.

Shule ile ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Siku ya mahafali lilipikwa pilau, na ukoko wa sufuria kubwa ulibanduliwa mzima mzima, duara kama sinia, wenye rangi ya udongo na harufu ya kuwatoa watu ndani ya nyumba. Mpishi mkuu aliutoa kwa mtu mmoja aliyelifaa jiko kuliko wote mwaka ule. Mwaka mmoja aliupata dereva aliyeleta kuni barabara ikiwa imekatika. Mwaka mwingine aliupata msichana aliyemkamata mwizi wa maharage. Na sheria zake zilikuwa mbili: ukoko haukatwi, na mpishi hauli. Inasemekana mwaka mmoja ulikatwa, ukagawiwa walimu wawili, na walimu hao hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Sasa sikilizeni mambo ya mawe.

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa juu ya shule, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kupanda, kali kweli. Kando ya njia palikuwa na mawe makubwa saba. Alipokuwa kijana alipanda na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, hakuligusa hata jiwe moja. Alipofika miaka hamsini, alikaa kwenye jiwe moja. Akasema ni uzee. Mwaka uliofuata akakaa kwenye mawe mawili, akasema ni viatu. Mwaka mwingine matatu, akasema ni chakula cha jioni. Akaja kikohozi cha asubuhi, kikohozi kisichokwisha, na mlio kifuani kama wa mlango usiotiwa mafuta. Mawe yakawa matano, na Nakijwa akaishiwa visingizio.

Binti yake, Ndeonasia, aliyeolewa kule chini tambarare, alipanda kuja kumwona, akamhesabia mawe. Jioni akatoa kauli: mama akishindwa kazi, Krismasi haitamkuta mlimani. Mkuu wa shule naye alimwambia kwa upole kwamba mpishi asiyewahi uji wa asubuhi itabidi akabidhi funguo. Nakijwa hakuogopa kufa kama alivyoogopa jambo hilo. Aliogopa kushushwa mlimani akiwa amebebwa, mbele ya wasichana waliomwita Bibi Pumzi.

Asubuhi moja, katikati ya kupuliza moto, pumzi ikamkatika. Midomo ikageuka rangi. Wasaidizi wakapiga kelele, na aliyekuja mbio alikuwa Tabibu Mzava wa zahanati ya jirani.

Mzava alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mwenye mfuko wa koti uliojaa pipi za watoto. Nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake. Alisema ni pumu, akamchoma sindano, akampa vidonge vyeupe vidogo vyenye nguvu, akakaa naye sakafuni mpaka rangi ikarudi. Siku ya tatu Nakijwa alikula. Siku ya saba alipanda mlima akakaa kwenye jiwe moja tu.

Zahanati ilikuwa na kitabu, Mwongozo wa Matibabu, jalada la kijani. Mzava alikisoma zamani, na sasa kilikaa juu ya kabati, chini ya birika. Kitabu kilisema vidonge vile ni vya siku tano, basi. Mzava alijua. Lakini siku ya sita Nakijwa alikohoa mbele yake, akamtazama, na Mzava si mtu wa kutazamwa namna ile. Akampa tena. Mwezi uliofuata akampa tena. Mwezi mwingine akampa tena. Nakijwa akafurahi: huyu ni mtu wa kuonja.

Mwaka ukapita, jiwe likabaki moja. Lakini uso wa Nakijwa ukawa duara, ngozi ikawa nyepesi, kila akiguswa anapata doa jeusi. Alikunywa maji mtungi mzima kwa siku, na walipopima damu wakakuta sukari imepanda. Kisha siku moja akanyanyua mfuniko wa sufuria, mfuniko ule ule wa miaka yote, na mfupa wa mkono ukavunjika.

Mkono huo ndio uliompeleka hospitali kubwa ya bondeni, na huko akamkuta Daktari Zawena.

Zawena alikuwa kijana, mtu wa pwani, mwenye sauti ya chini na shikamoo ndefu. Mezani kwake palikuwa na kitabu kile kile cha kijani, lakini hiki kilikuwa kimechakaa, na vipande vya karatasi vimechomoza pembeni. Alikisoma mbele ya mgonjwa, kidole juu ya mstari, bila aibu. Nakijwa akajisemea: huyu ni wa karatasi.

Zawena aliufunga mkono, akasikiliza kifua, akauliza habari za vidonge, akakunja uso. Akampeleka kwenye chumba chenye mashine yenye bomba. Wakamwambia aweke bomba mdomoni apulize kwa nguvu zote. Nakijwa akapuliza. Manesi wakasema puliza, puliza, puliza, usiachie, na alipomaliza wakampigia makofi kama wafanyavyo kwa kila mgonjwa. Moyo wake ukajaa. Hata hivyo mashine haikupiga makofi. Ilionyesha hewa inatoka pole pole, kama maji kwenye bomba lenye kutu.

Daktari akamweleza kwamba hii si pumu. Ni ugonjwa sugu wa mapafu, na umeletwa na moshi wa jiko. Mapafu hayatarudi kuwa mapya, ila pumzi inaweza kusaidiwa. Vidonge vipunguzwe kidogo kidogo mpaka viishe. Akae mbali na moshi, na barua ya kumweleza mkuu wa shule akaiandika pale pale. Halafu aanze pampu moja, kile kikopo kidogo chenye mdomo wa plastiki, kwa kuwa kitabu kinataka kuanza na moja.

Dirisha la dawa lilikuwa la Bwana Kajiru, mfamasia mwenye miwani minene. Siku ile foleni ilifika hadi getini. Kajiru alisukuma pampu dirishani akasema: mdomoni, mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, anayefuata.

Nakijwa akapanda mlima na dawa yake mpya. Mkuu wa shule akaisoma barua. Bomba la chuma likatundikwa kwenye msumari, na Nakijwa akapewa benchi karibu na mlango awaelekeze wasaidizi kwa mdomo.

Sasa fikirini. Miaka thelathini na mmoja, kila kitu chenye tundu kilichowekwa mdomoni mwa mwanamke huyu kilikuwa cha kupuliza. Hospitali nayo ikampa bomba, ikamwambia apulize, ikampigia makofi. Kwa hiyo alipobaki peke yake aliweka pampu mdomoni, akabonyeza, akapuliza. Mvuke mweupe ukatoka mbele ya uso wake. Nakijwa akautazama ukipotea hewani, na machozi yakamlengalenga. Aliona moshi. Moshi wa mkaratusi, wa miaka yote ile, hatimaye ulikuwa unamtoka.

Akabonyeza tena. Ukatoka mwingine. Alikaa kitandani akiutazama kama mtu anayefagia nyumba na kuona vumbi linatoka mlangoni. Hakumwambia mtu, maana aliona si vizuri kuisifia dawa kabla haijamaliza kazi. Na kila alipobanwa alijiongezea, mara nne, mara sita, ili moshi uishe haraka.

Mawe yakawa matatu. Yakawa manne.

Akarudi hospitali. Zawena akamuuliza kama anatumia dawa. Akasema anatumia. Akamuuliza kama anajua kuitumia. Nakijwa akasema anajua. Angesemaje? Mtoto wa watu ametoka pwani, amesoma miaka yote hiyo, anakuuliza kwa adabu, wewe mtu mzima useme hujui kuweka kitu mdomoni? Kitabu cha kijani kilikuwa na mstari unaosema kabla ya kuongeza dawa, hakikisha mgonjwa anaitumia sawasawa. Zawena aliusoma mstari huo, akaweka alama ya vema kwenye cheti cha dawa, na nje palikuwa na watu sitini wanasubiri. Kitabu kilisema sasa ongeza pampu ya pili. Akaongeza.

Mawe yakawa matano.

Pumzi ikamkatika tena, safari hii kati ya magunia ya maharage, na mbio akaja Mzava. Sindano, vidonge vya siku tano, sakafuni mpaka rangi irudi. Hapo kitabu na Mzava walikuwa kitu kimoja, maana siku ya dhoruba kitabu nacho kinaruhusu. Ila wakati wa kuondoka Mzava aliacha pakiti nyingine chini ya mto wa Nakijwa. Alisema ni ya akiba. Nakijwa akawa anavunja nusu kidonge kila siku, kimya kimya, na miezi miwili mizima nusu hiyo ndiyo iliyomfikisha jikoni. Akiba ikaisha.

Mawe yakawa sita.

Nakijwa aliporudi hospitali mara ya tatu, Ndeonasia alimsindikiza. Alikwishasikia mjini kwamba ipo dawa ya tatu, pampu ya zambarau, ghali, yenye nguvu ya vile vidonge ndani yake. Akamwomba daktari aiandike. Akaomba tena. Akalia. Nakijwa alikuwa amekaa karibu na meza, na aliyaona haya kwa macho yake: Zawena alishika kalamu, akaishusha mpaka ikagusa karatasi, ikabaki pale. Kisha akaiinua, akafungua kitabu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Dawa hii ni ya mtu aliyebanwa vibaya mara mbili kwa mwaka. Wewe mwaka huu ni mara moja. Na damu yako haionyeshi kwamba itakusaidia. Inaweza kukuletea nimonia juu ya haya uliyo nayo. Siwezi kuandika kwa sababu tu nakuonea huruma."

Nakijwa alisimama amekasirika. "Mwanangu," alisema, "kitabu chako hakijapanda mlima wangu."

Zawena alifunga kitabu. Aliandika zile zile pampu mbili.

Wakaenda dirishani. Kajiru akachukua karatasi, akafungua daftari lake, akasita. Bibi huyu pampu zake zilipaswa kudumu mwezi mzima, na yeye anakuja siku ya kumi na mbili. Mwezi uliopita vile vile. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo pia, msidhani ilikuwa fupi. Lakini Kajiru aliweka daftari chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akampa pampu moja.

"Bibi, nionyeshe unavyofanya," alisema.

Nakijwa akaweka pampu mdomoni. Akabonyeza. Akapuliza kwa ile pumzi yake iliyobaki, na mvuke wote ukaingia kwenye miwani ya Kajiru.

Foleni nzima ilicheka mpaka ikavunjika mbavu. Kajiru hakucheka. Aliuliza taratibu kwa nini anapuliza, na Nakijwa, akiwa bado na hasira, akamweleza habari ya moshi unaotoka. Kajiru akaifuta miwani tena. Kisha akauliza bibi anafanya kazi gani, na aliposikia ni mpishi akafungua mlango wa pembeni, akatoka nje ya dirisha lake, kitu ambacho wauguzi walisema hawajawahi kukiona.

"Bibi, mchuzi wa moto unauonjaje kwenye upawa?" aliuliza.

Nakijwa akamwonyesha: akachongoa midomo, akavuta pole pole, mchuzi na hewa pamoja, kwa ile sauti ambayo watoto hukatazwa mezani.

"Hivyo hivyo. Bonyeza, uvute hivyo hivyo. Halafu uishike pumzi kama mtu anayepima chumvi mdomoni, uhesabu kumi."

Akabonyeza. Akavuta. Akahesabu kumi. Dawa ikaingia kifuani kwa mara ya kwanza tangu iandikwe, miezi mitano iliyopita. Nakijwa akatazama mbele yake, akaona hakuna moshi wowote uliotoka. Akaelewa. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akajifunika uso na kanga, na Ndeonasia hakujua kama mama yake anacheka au analia. Nadhani vyote viwili.

Mwezi ule mawe yakawa manne. Mwezi uliofuata mawili. Kisha jiwe moja, na hapo yakasimama. Jiwe la mwisho halikuondoka, wala halitaondoka, lakini Nakijwa alisema jiwe moja si kitu, lina kivuli kizuri. Ndeonasia aliyahesabu mwenyewe akipanda nyuma ya mama yake, akakubali Krismasi iwakute wote mlimani.

Ikafika siku ya mahafali. Pilau likapikwa, Nakijwa akiwa kwenye benchi lake la mlangoni. Wasichana waliimba, wazazi walikula, na jua lilipopoa ukoko ukabanduliwa mzima mzima. Haukuchanika hata pembeni. Ukawekwa kwenye sinia mbele ya Nakijwa, na mbele yake walikuwa wamekaa wageni watatu aliowaalika kwa mkono wake: Tabibu Mzava, Daktari Zawena na Bwana Kajiru. Desturi ilitaka kila mgeni aseme haki yake mwenyewe, na siku hiyo unyenyekevu ulikuwa marufuku.

Mzava akaanza, maana alikuwa mkubwa.

"Bibi Pumzi, mimi nilikosea siku, sikukosea mtu," alisema. "Nilizidisha vidonge, na mkono wako ulivunjika kwa sababu yangu. Sikatai. Lakini tuhesabu ile miezi mitano. Dawa ya kitabu ilikuwa inaishia hewani. Kilichokuwa kinaingia mwilini mwako ni vidonge vyangu, na vile vya mwisho kitabu kilivikataza. Ningekitii kitabu siku ile, ningekuacha bila akiba, na pilau hili lingekuwa la matanga yako."

Watu wakaguna, wakaona ana haki. Zawena akasimama.

"Tabibu alikuokoa mara mbili, na mimi namheshimu," alisema. "Lakini huruma yake ya kila mwezi ilikuwa inakumaliza, Mama, huku unamshukuru. Nani alikutoa huko? Nani alijua kwamba si pumu, na moshi ndio mzizi? Wewe unasema kitabu hakijapanda mlima. Mama, mstari mmoja wa kitabu kile umeandikwa na pumzi za wagonjwa maelfu waliobanwa kabla yako. Siku binti yako alipolia, kuandika kulikuwa rahisi, kukataa ndiko kulikonikosesha usingizi. Na dawa ile hospitali haikuwa nayo. Ningeandika, mngeondoka moja kwa moja kwenda kuinunua mjini, msingefika dirishani kwa Kajiru, na ungeipuliza hewani kama zile nyingine. Na hizo pampu mbili unazovuta leo, nilizichagua mimi."

Watu wakaguna zaidi. Kajiru akasimama mwisho, akavua miwani.

"Mimi si daktari, na sina maneno mengi," alisema. "Dawa ziliandikwa sawa. Kitabu kilifuatwa. Bibi alikuwa anazimika. Huruma ilikuwepo na elimu ilikuwepo, na hakuna aliyetazama mdomo wa mgonjwa. Mimi nilitazama."

Mzava hakuweza kujizuia. Alimwambia Kajiru kwamba kumwonyesha mgonjwa ni kazi ya dirisha, tena ya siku ya kwanza, kwa hiyo anadai zawadi kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe. Kajiru akakubali kwamba ni kweli, foleni ilimshinda. Lakini akamkumbusha daktari ile alama ya vema. Kitabu chake mwenyewe kilimwambia ahakikishe, naye akahakikisha kwa kuuliza. Zawena akainamisha kichwa. Alisema mgonjwa alijibu kwamba anajua. Hapo wote watatu, na watu wote waliokuwa pale, wakageuka kumtazama Nakijwa.

Nakijwa akaangua kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Alisema ni kweli, alidanganya kwa adabu, na bahati nzuri ukoko si wake.

Kisha akawageukia wageni wake. Alimtazama Mzava, akakumbuka sakafu ya jiko na pipi mfukoni. Alimtazama Zawena, akakumbuka kalamu iliyogusa karatasi ikainuliwa. Alimtazama Kajiru, akakumbuka miwani yenye mvuke. Aliutafuta ule mchezo wake wa zamani, nani anafuata karatasi na nani anaonja, na kwa mara ya kwanza ukamkatalia. Mmoja alionja, akamwokoa, akamvunja. Mmoja alifuata karatasi, akamwokoa, akaruka mstari mmoja. Mmoja alichelewa, akarudi kumtazama mpishi mwenyewe.

Ndeonasia akamnong'oneza kwamba ukoko unapoa. Nakijwa akasimama, akanyanyua sinia kwa mkono ule uliovunjika ukaunga, akavuta pumzi pole pole kama anayeonja mchuzi wa moto, akaishika mpaka kumi.

Mimi nilikuwa nyuma, nyuma kabisa, na mbele yangu palikuwa na mama mmoja mwenye kilemba kikubwa. Sikuona sinia lilikokwenda, na niliowauliza, kila mmoja alinitajia jina tofauti. Basi niambieni nyinyi mliosikia yote, na msiniambie ukatwe, maana haukatwi. Je, nani alistahili?